Saa ya Thelathini na Tatu

Al Khoudh, maabara ya ghorofa ya pili.
Nje jua limeshika lami kama deni.
Mayai yametoka Barka, trei mbili,
moja lina unyoya bado umegandia.

Nalibandua ganda kwa koleo,
taratibu, kama plasta gotini pa mtoto.
Chini ya darubini kiinitete ni mkwaruzo tu,
alama ya ukucha juu ya manjano,
na ndani yake mirija miwili
inasogeleana
kama ndugu waliokosana, kila mmoja
anangoja mwenziwe aanze salamu.

Inaungana.
Na kabla mshipa wowote wa fahamu haujafika pale,
kabla damu haijajua pa kwenda,
kitu kinashtuka.
Kimya.
Kinashtuka tena.

Mundhir, mwanafunzi wa mwaka wa pili,
anasahau kalamu mdomoni:
"Nani ameuambia uanze?"

Namwambia: kwetu Izki, maji ya falaji
hupita mbele ya kila shamba.
Maji ni yale yale. Tofauti ni jiwe
na kitambaa kikuukuu kwenye mdomo wa mfereji.
Amur wa zamu, mtu wa ubishi,
kengele ya simu ikilia huchomoa kitambaa huku,
hukisokomeza kule, na mitende ya mtu inakunywa
nusu saa, si zaidi.
Zamu hiyo huitwa athari.

Kila seli ina kitabu kizima.
Seli ya jicho nayo imeandikiwa moyo,
ila ukurasa ule umezibwa.
Na anayezibua naye alizibuliwa
na mwingine, dakika chache kabla yake,
na yule na mwingine,
mpaka Mundhir anaacha kuandika.

Simwambii habari ya mtoto wa Nasra.
Tundu upana wa mbegu ya tende,
na kosa ni herufi moja, wala si ndani ya jeni:
mbali huko, mahali tulipozoea kupaita jalala,
palipokuwa na kitambaa
ambacho hakikuchomolewa kwa wakati.
Atapasuliwa Jumatano.

Jana dada alinipigia, sufuria zikigongana nyuma yake,
akanituliza mimi niliyesoma:
"Jipe moyo, Thuwaiba."
Lugha yetu nayo! Kama kwamba moyo
ni kitu cha kupeana mkononi,
sahani ya halua.
Moyo haupewi, dada. Moyo huambiwa: sasa.
Nikasema tu, "Inshallah."

Yai la kumi na nne bado linapiga.
Mrija umeanza kujikunja kuelekea kulia,
kama inavyopasa, hakuna aliyeusukuma.
Saa kumi alasiri nitautia dawa, utulie,
niukate vipande vyembamba nipate kuusoma.
Ndiyo kazi.
Mpaka hapo nimekaa na saa mkononi,
nahesabu,
na midomo yangu inachezacheza
kama ya mtu anayevuta uradi.