Bandari Isiyokupwa

Ililetwa Langoni juu ya punda,
imefungwa shuka mbili na kamba ya katani.
Mchwa walikwisha kula upande wa kushoto wa fremu
hadi kwenye msumari.
Madamu Odile wa Shela alisema: Fundi Shekuwe,
mbao zibadilishe, picha usiiguse.
Niliigusa. Nani asiyegusa?
Rangi imekauka kwa matuta, kama chokaa
iliyopigwa mbio kabla ya wageni wa arusi.

Ni bandari. Si yetu.
Ukuta wa gati, nyumba nne za rangi ya ganda la kitunguu,
moja haina paa,
na pale paa lilipokuwa hakuficha kitu, ametia buluu.
Wanaume wawili wanakunja wavu.
Mwanamke ameshika kiuno.
Na mbele, karibu kuliko watu wote,
ndoo ya bati, tupu, kubwa kuliko inavyostahili.

Siku ya tatu ndipo nilipojua kilichokuwa kikinikera.
Ukuta ule hauna mstari.
Hapa kila jiwe la ufukweni lina mshipi wake,
chini ukijani na chaza, juu pakavu,
hata mtoto wa chuo atakuonyesha bamvua ilifika wapi.
Ule wa picha ni msafi mpaka majini.
Nikasema, mchoraji huyu hakuwahi kuiona bahari.

Madamu alicheka mpaka akakaa juu ya maranda.
Bahari ya kwao, akasema, haitoki wala hairudi,
inapanda kiganja, inashuka kiganja.
Maji mafu mwaka mzima!
Nikawaonea huruma watu wa huko:
chombo kikikwama, kinangoja nini?

Mchoraji ni babake.
Alirudi kutoka kambi ya mateka ana kilo arobaini na mbili,
akaikuta bandari yao imelipuliwa,
akanunua rangi kabla ya viatu.
Wenzake mjini walikuwa wamekwisha kuacha sura za vitu,
wakipaka mistari, madoa, weusi mtupu,
kwa kuwa, walisema, baada ya yale
nani ana uso wa kuchora uso?
Yeye akarudi gatini na kigoda chake.
Walimwuliza: Wewe bado unachora ndoo?
Bado, akajibu. Bado zinavuja.

Mimi sijachonga uso maishani mwangu.
Baba hakuchonga, wala babake:
waridi, mnyororo, jani la mtende, basi.
Saa ya sala niliigeuzia ukutani bandari ile,
na nikishatoa salamu naigeuza tena
nione kama yule mwanamke ameshusha mkono.

Fremu ni mbambakofi, ubao wa mlango uliovunjika
ambao mwenyewe hakurudi kuuchukua.
Juu nilitia waridi mbili.
Kando, mnyororo.
Chini nilikaa na patasi asubuhi nzima bila kupiga,
halafu nikachonga mstari mmoja tu,
unaopanda na kushuka, usio sawa,
wenye vijitundu vya chaza.
Nikawaazima bamvua.

Alipokuja kuchukua alipitisha kidole pale chini
akaanza kuuliza,
na wakati huohuo Zuena mjukuu wangu akapiga kelele mlangoni:
Babu, ndoo! Wali wapoa!
Madamu, ambaye Kiswahili chake amekisomea bara,
aligeuka akaitazama ile ndoo ya bati,
akidhani mtoto ameitaja.

Ikabidi nimweleze.
Kwetu Amu, nikasema, ndoo ni ndoo,
ya kutekea, ya kuvuja.
Na ndoo, tena, ndiyo njoo.

Alikuwa na noti mkononi, hakuzihesabu.
Miaka yote ile, sebule kwa sebule, nchi kwa nchi,
kile kitu mbele ya gati, kikubwa kuliko inavyostahili.

Wali ulipoa.
Akasogea hatua moja.