Mlinzi wa Pili

Runinga yetu pale Keighley ilikuwa ya kukodi,
ilikula sarafu, nasi tulitazama
kwa urefu wa kamba yetu.
Jumamosi ile kamba ilikatika mapema:
mlango wa chombo umefunguka, kitu kinaingia,
halafu kioo kikanywea, kikabaki kidoa cheupe katikati,
na mama akasema, Haya, kalaleni.

Hawakurudia. Miaka ikapita ndipo tukasikia
kwamba kanda zilifutwa, zikarekodiwa mbio za farasi,
maana kanda zilikuwa ghali na sisi tulikuwa watoto.

Miezi minane nililala na kile kitu mlangoni.

Nikakikuta kitabu stesheni, kwenye kibanda cha magazeti,
kati ya ramani za wapanda vilima na peremende za mnanaa:
*Zamu ya Tisa*, riwaya kutokana na kipindi,
peni thelathini na tano, kurasa mia na ishirini na sita.
Nilisoma nimesimama.
Treni ya Skipton iliondoka bila mimi.

Mwalimu Ramsbottom alikishika kwa vidole viwili
kama soksi ya mtu mwingine.
Kiporo, akasema. Chakula cha jana cha runinga, kimepashwa moto.
Sikubisha. Lakini aliyelala na njaa
haulizi mchuzi ulipikwa siku gani.

Sasa ninavyo mia moja na kumi na vinne.
Vya duka la hisani la Bingley, vyenye harufu ya moshi
na koti la marehemu. Vya mnada wa kanisa.
Kimoja nilikifuata Hull kwa mabasi matatu,
nikakuta ukurasa wa mwisho umechanwa,
nikakinunua hivyo hivyo.
Najua majalada yaliyochorwa na mtu asiyetazama kipindi
(nahodha ana ndevu; nahodha hakuwa na ndevu).
Avril, mke wangu, hupangusa rafu na kusema,
Vyote vimepinda mgongo, kama wewe.
Namba arobaini na moja sinacho. Usiniulize.

Mwandishi, nasikia, alipewa wiki sita na malipo ya mkupuo.
Hadithi ya dakika ishirini na tano
haijazi kurasa mia na ishirini na sita,
basi alipofika pale mlinzi wa pili anapouawa
akaongeza maji kwenye mchuzi.
Akampa jina: Tobin Hesk.
Akampa dada anayelima kabichi chini ya kuba la kioo
kwenye mwezi mmoja wa Zohali,
na kiatu cha kushoto kinachobana,
na barua aliyoianza mara tatu.
Aya mbili tu.
Kisha kitu kikaingia mlangoni.

Mwaka jana ukanda mmoja ulionekana,
nyuma ya boila katika chuo fulani cha Leeds.
Wakatuonyesha kwenye ukumbi Bradford, watu arobaini hivi,
wengi wetu magoti mabovu.
Miaka arobaini na saba nimesubiri kuona kilichoingia.
Kilikuwa pazia la bafu lililobandikwa trei za mayai.
Watu walicheka, kwa upendo. Nami nilicheka.
Mlango ulipofungwa, ukuta mzima ulitikisika.

Mlinzi wa pili alikuwa kijana mrefu, kofia imemzidi.
Hakupewa neno la kusema.
Sekunde tatu. Alianguka kiubavu, taratibu,
kama mtu anayeogopa kuchafua sare ya kuazima,
na kamera ikamwacha.

Tobin, nikasema.
Nilidhani nimesema moyoni.

Kutoka safu ya nyuma, mwanamke mwenye kikohozi akajibu:
Na ile barua yake.

Sikugeuka. Taa zilikuwa bado zimezimwa,
na kule mbele mashujaa walikuwa wakimruka,
mmoja baada ya mwingine,
wakikimbilia kuuokoa ulimwengu.