Nani Anakujua?

Saa moja asubuhi, ofisi ya chifu, Likoni.
Foleni imeshapinda kona ya kinyozi.
Mkononi nina bahasha: kadi ya kliniki
iliyotafunwa pembe na mende,
barua ya mwalimu mkuu, na picha mbili
ambazo sikucheka, kama nilivyoagizwa.

Karani hakuifungua.
"Faki Makame. Jina la ng'ambo hili.
Babu mzaa babu yako alizikwa wapi?"

Nilitaka kumwambia: ng'ambo ndiyo hii, bwana,
kivuko si umekipanda mwenyewe kuja kazini?
Nikameza mate. Nikasema:
la babu sijui.
Kitovu changu kimezikwa Mtongwe, nyuma ya choo cha mabati.
Najua bomba lipi hutoa maji Jumanne usiku.
Wimbo wa taifa naujua beti zote,
hata ule wa pili ambao wengi huumung'unya.

"Hayo hata kasuku hufundishwa.
Wewe, nani anakujua?"

Nyuma yangu akakohoa Mueni wa viazi karai.
"Mie namjua. Namdai mia mbili
tangu wiki ya mtihani."

Foleni ikaangua kicheko.
Mueni hakucheka.
"Mgeni hakopeshwi, karani.
Mtu nisiyejua kesho ataamkia wapi
simtii kwenye daftari langu."

Karisa fundi baiskeli akadakia:
"Na spana yangu, namba kumi na nne, anayo yeye."

Nyabuto, korokoroni wa bohari,
alivua kofia kwanza.
"Jeneza la mke wangu alilibeba
mpaka kwenye gari la kwenda Kisii.
Alilia kunishinda. Nikaona haya."

Pakawa kimya,
feni tu ikizunguka na ubovu wake.
Kisha sauti kutoka mkiani, ya mtu nisiyemjua hadi leo:
"Mwandikeni huyo, ni wetu, jua linatuchoma!"

Karani akaandika. Kwa penseli.
"Rudi baada ya miezi mitatu."

Jioni ile nikampelekea Mueni mia mbili zake,
noti mbili, nimezinyoosha kwa kiganja.
Akazitazama huku na huku,
akafuta mafuta vidoleni,
akachukua moja.

"Hii nyingine kaa nayo.
Wacha nikudai,
mpaka hiyo kadi itoke."