Ki Ile Ile

Kule Keighley, nyumba ya wazee, zamu ya usiku,
niliandika daftarini kwa kalamu nyeusi, kama inavyotakiwa:
Doreen Oldroyd. Amekula vizuri. Childish.

Nilimaanisha hivi: mvua ya mawe ilipopiga banda la vioo
aliinuka kitini bila kushikwa mkono,
akabandika paji la uso dirishani,
akacheka mpaka pumzi yake ikafuta bustani yote.
Nilimaanisha njegere alizozipanga ukingoni mwa sahani,
kila moja akiiuliza jina.

Jumamosi akaja bintiye, Hilary, koti halijavuliwa.
Kidole chake kilisimama juu ya neno langu
kama mtu aliyekanyaga mende na hataki kuinua mguu.
“Mama yangu,” akasema, “alishika hesabu za kiwanda cha sufu
miaka thelathini na moja. Haikupotea hata peni.”

Gaynor msimamizi akanivuta pembeni, kwa upole unaouma:
ulitaka kusema childlike.
Hilo uliloandika ni tusi dogo,
la mtu mzima anayenuna, anayepiga mlango teke.
Hili lingine lina macho yaliyofunguka.

Mimi nimekuja na neno moja tu. Kitoto.
Kicheko cha kitoto, hasira za kitoto,
na mama, Muheza, akinisugua mgongo kwa dodoki:
tulia, kitoto changu.
Ki ile ile hubeza, ki ile ile hubembeleza;
sauti ndiyo huamua,
na daftari halina sauti.

Haturuhusiwi kufuta. Unapiga mstari mmoja,
neno libaki linasomeka,
kando unaweka herufi za jina lako.
M.K. Kosa langu, na sahihi yake.

Jioni ile sikumsalimu dereva wa basi.
Nilikaa nyuma kabisa, nikakataa biskuti ya Agnieszka,
nikatunga majibu kwa Kiingereza kisicho na doa
hadi Bingley, kituo changu kimeshapita zamani.
Nikashuka kwenye baridi, nimebinua midomo.
Basi. Neno la kwanza nikalielewa vizuri,
bila mwalimu.

Jumatatu niliandika bila sifa yoyote:
Amehesabu njegere. Ishirini na tatu.
Amerudia. Ishirini na tatu.

Ya ishirini na nne alikuwa amenitia kiganjani,
akanikunja vidole kimoja kimoja,
akatazama mlangoni kama kuna mtu.

Hiyo sikuiandika.