Karatasi ya Karanga

Nina marais watatu ndani ya sanduku la bati,
chini ya kitanda, Katuba, avenyu isiyo na taa.
Mmoja alitia saini kama anayechinja jogoo:
mkwaruzo mmoja, damu ya wino, basi.
Mwingine alijipinda kwa madaha,
mkia wa jina ukapanda juu ya muhuri.
Wa tatu mkono ulitetemeka. Sijui kwa nini.
Hati yenyewe ilihusu ushuru wa chumvi.

Mwadi, mke wangu, huuliza:
"Hao marais wako watalipa lini ada ya shule?"
Namjibu bado wanashauriana.

Jumanne, soko la Kenya,
nikanunua karanga za Mama Kishiko.
Karatasi ilikuwa nzito, si ya daftari.
Nikasoma huku natafuna:
Amri ya Rais wa Jamhuri, nishani ya kazi,
kwa wafanyakazi wafuatao.

Kumi na mbili. Kumi na tatu.
Kumi na nne: KALENGA MWEPU, fundi wa tanuri.
Nikatema.
Wamekosea herufi. Ni Mwepo.
Ni baba.

Mafuta yamepenya jina lake;
ukiliinua juani unaona kupitia humo
bomba la moshi, na kile kilima cheusi
alikoacha mapafu yake, mwezi kwa mwezi,
kwa mshahara na gunia la unga.
Nishani hakuiona. Hakuna aliyemwambia.

Na karatasi imechanwa katikati.
Saini hukaa chini, na kipande cha chini kimeshauzwa.
"Kwa nani, mama?"
"Mtoto. Sare ya shule. Alitafuna, akaenda zake."

Nimeinyoosha kwa pasi ya makaa,
kitambaa juu yake, polepole,
kama mtu anayepiga pasi suruali ya marehemu.

Sasa kila jioni nakaa kando ya beseni lile.
Nanunua, nafungua, nasoma:
hesabu za darasa la nne, bei ya saruji,
barua ya mtu aliyeapa kurudi kutoka Kolwezi.
Taya zinaniuma. Mama Kishiko ananicheka,
kisha ananiongeza karanga za bure.

Jana Mwadi alinifuata. Nikajua ni ada.
Akavuta kigoda, akachukua koni moja,
akamimina karanga kwenye kitenge,
akainyoosha karatasi juu ya goti.
"Mwepo," akasema, macho kwenye mistari,
"nitafute kwa o,
au kwa ile u yao?"