Uzi wa Kijani

Trieste, Februari. Upepo wa mji huu unaitwa Bora,
jina tu, hauna ubora wowote kwa mwenye kofia.
Manispaa imefunga kamba kandokando ya njia za mlimani
watu wajishikilie wasipeperuke hadi baharini,
na alfajiri ya Jumanne, chini ya ngazi zipandazo San Giusto,
mzee Gaspare Brumat, mnunuzi wa stempu na saa kuukuu,
amelala shingo imepinda, miguu mitupu,
viatu havipo.

"Kaanguka," asema koplo. "Upepo."
Ispekta Tullio Vascotto hajibu. Anachuchumaa.
Anakifumbua kiganja cha maiti, kidole baada ya kidole,
kama mtu afunguaye barua isiyo yake.
Kifungo. Cheusi, cha pembe, matundu manne,
na ndani ya matundu, uzi wa kijani.

Hapo ndipo alipopaswa kusema neno.
"Andika: kifungo kimoja."
Uzi hakuutaja.

Kikulacho ki nguoni mwako, walinena waliotutangulia,
lakini hawakutaja vifungo.

Novemba, jikoni. Darko kakaa juu ya meza,
miguu ikining'inia, koti la marehemu baba yake mapajani.
"Uzi mweusi umekwisha."
"Basi shona kwa wowote ule.
Nani atachungulia vifungo vyangu?"
Tullio akalamba ncha, akatunga sindano,
akapiga fundo alilofunzwa na mama, mshonaji wa matanga,
fundo lisilofunguka.
Na kweli halikufunguka.
Kitambaa ndicho kilichochanika.

Miaka minne. Kwa majirani, Darko ni mpangaji.
Kazini hawajui, au wanajua wakanyamaza,
na katika kituo cha polisi hayo mawili ni mamoja.
Darko Pertot, fundi saa, mtu wa vijiji vya Karst,
anayenung'unika Kislovenia usingizini,
anayeweka saa sikioni akakwambia: hii inadanganya.

Usiku, ghorofa ya nne. Koti liko msumarini.
Tullio amelipita bila kuligusa, kama mtu apitaye mbwa alalaye.
Wanakunywa supu ya maharage na kabichi chachu.
Wanazungumzia chumvi.

"Kuna mtu kafa ngazini."
"Nimesikia."
"Ulimjua?"

Saa za ukutani zilijibu kwanza,
thelathini na mbili, kila moja kwa ukaidi wake.

"Nilimwekea rehani saa ya baba, mwaka ule wa njaa.
Jana nilikwenda kuikomboa."
Akaweka kijiko chini.
"Unaniuliza wewe, au ispekta?"

Kuna maswali ya kuulizwa mtu akiwa amevaa viatu.
Tullio, chini ya meza, alikuwa na soksi tu.

"Alinifuata hadi ngazini, tukibishana bei.
Upepo ukaja. Nilimshika, naye akanishika.
Nilishika mkono wa koti lake, Tullio, mkono mtupu,
yeye akashika kifungo changu.
Nikashuka. Alikuwa hapumui.
Nikakimbia. Ndiyo. Nikakimbia."

"Na viatu?"
"Viatu gani?"

Tullio akamtazama usoni, akatafuta saa inayodanganya.
Akatafuta tena, kwa jicho la kazi, kisha kwa lile jingine,
na mara ya kwanza tangu alfajiri pumzi ikamfika tumboni:
kulikuwa na mtu wa tatu ngazini.

Au ndivyo mtu apendaye anavyosikia.

Akatoa daftari. Mkono haukutetemeka,
jambo lililomuudhi.
Uzi: kijani, akaandika. Mshonaji: mimi.
"Vaa koti," akasema.
"Lile lile?"
"Lile lile."

Nje, Bora ilikuwa ikivunja madirisha ya watu.
Wakashuka kuelekea kituoni, mmoja nyuma ya mwingine,
wakiishika kamba ya manispaa,
na pale kwenye kona ya muuza samaki, ambapo kamba hukatika
na hakuna cha kushika kwa hatua kumi na nne,
wakashikana,
mbele ya madirisha yote.