Mkono wa Kushoto

Bombo, chumba cha nyuma, feni inalalamika.
Afisa mwenye glavu anasoma karatasi:
mwanamume, miaka ishirini na miwili hivi,
mfupa wa mkono uliwahi kuvunjika, ukaunga vibaya…

"Wa kushoto," nikamkatiza.
Aliangushwa na toroli la mkonge kule Kigombe,
bibi akamfunga fito na mafuta ya nyonyo.
Ndipo akajifunza kula kwa kulia, huku akilia.

Mkulima alimfukua akichimba mtaro
ng'ambo ya Kagera: buti moja, kifungo kimoja.

Vinasaba, anasema, vimeoana na mate yangu
asilimia tisini na tisa na pointi zake.
Hiyo iliyobaki ni ya nani, baba?
Hakujibu. Akanisogezea kiti.

Mbaruku, uliondoka kaka yangu.
Leo mjukuu wangu anakuzidi mwaka.

Mama alikataa matanga:
"Matanga ya nani, na maiti sijaiona?"
Kila Idi alikuwekea sahani, akaifunika kawa,
asubuhi yake akanipa mimi kiporo.
Nimekula fungu lako miaka kumi na tisa.
Sikumwambia mtu kwamba lilikuwa tamu.

Nikachovya dole gumba kwenye wino,
nikabandika palipoandikwa ndugu wa karibu.
Sanduku lenyewe halifiki hata nusu debe la unga.
Nikalipakata hadi barabarani,
hadi kwenye gari la jeshi,
nikakaa nalo mbele.
Dereva, kijana wa jana tu, akauliza kama ni zito.
Nikamwambia washa gari,
jua linapanda na kaburi limeshachimbwa.